Ugonjwa wa Kaposi na Mashauri ya Matabibu

Katika kila hospitali kubwa yuko tabibu ambaye wagonjwa hawamjui kwa sura wala kwa sauti. Hapiti vitandani asubuhi, hashiki mkono wa mtu kuhesabu mapigo ya mshipa, wala haandiki dawa. Hata hivyo aghalabu neno lake ndilo liamualo kama mgonjwa atapasuliwa au hatapasuliwa, kama atapewa dawa kali au ataambiwa arudi nyumbani kwa amani. Tabibu huyo ni mwanapatholojia, yaani mtaalamu wa kuyatambua maradhi kwa kuchunguza vipande vidogo vya mwili vilivyotwaliwa kwa mgonjwa.

Kazi yake huanza pale ambapo kazi ya mpasuaji imekoma. Kipande cha ngozi, pengine kisichozidi punje ya hindi kwa ukubwa, hukatwa mahali penye uvimbe, kisha hutiwa katika chupa yenye fomalini ili kisioze. Kikifika maabarani huondolewa maji yake, huzamishwa katika nta mpaka kigande, kisha hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali kuwa tabaka nyembamba kuliko unywele. Tabaka hiyo hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili: ya kwanza ni ya samawi iliyokoza, itokayo katika shina la mti mmoja wa Amerika ya Kati, na ya pili ni nyekundu kama ua la waridi. Ndipo kioo huwekwa chini ya hadubini, na mwanapatholojia hutazama jinsi seli zilivyo, zilivyopangika, na zilivyoingia mahali pasipo pake.

Msomaji asidhani kwamba kioo hujieleza chenyewe. Ngozi ina maradhi mengi, na mengi kati ya hayo hufanana. Kidonda kilichokuwa kinapona chaweza kuwa na seli zinazozaana kwa kasi, kama saratani. Na saratani nayo, katika siku zake za kwanza, yaweza kujionyesha kwa upole kama kovu. Mwanapatholojia akisema kuna saratani mahali ambapo haipo, mgonjwa atakatwa kiungo au kumezeshwa dawa za kumdhoofisha bila sababu. Akisema haipo mahali ambapo ipo, mgonjwa atarudi nyumbani na mauti yake mwilini. Kwa sababu hiyo matabibu hao wamekuwa na desturi ya tangu zamani: kioo chenye shaka hupewa mwenzako akitazame, bila kuambiwa wewe umeona nini. Wahenga walisema kuwa penye wengi hapaharibiki neno.

Tutaisimulia hapa historia ya saratani moja ya ngozi ambayo yahusu sana nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Ilipita miaka 122 tangu ilipoelezwa mara ya kwanza mpaka chanzo chake kilipojulikana. Katika muda wote huo, elimu ya ugonjwa huo ilisonga mbele kila mara matabibu walipokubali kuonyeshana mambo yaliyowatatiza.

Tuanzie katika mji wa Vienna. Huko, katika karne ya 19, kulikuwa na chuo cha maradhi ya ngozi kilichosifika katika Ulaya nzima, na mkuu wake alikuwa Profesa Ferdinand von Hebra. Mmoja wa wanafunzi wake, ambaye baadaye alimwoa binti yake, alikuwa Moritz Kohn, mzaliwa wa mji wa Kaposvár katika nchi ya Hungaria. Matabibu wenye jina la Kohn walikuwa wengi mjini Vienna, basi mwaka 1871 kijana huyu akajipa jina jipya kutokana na mji wake wa asili, akaitwa Moritz Kaposi. Mwaka uliofuata, 1872, alichapisha habari za wagonjwa 5, wote wanaume watu wazima. Walikuwa na mabaka na vivimbe vya rangi ya kahawia na zambarau, vilivyoanzia aghalabu miguuni na kuenea. Kaposi aliona kwamba ugonjwa huo haukukaa katika ngozi peke yake, bali uliweza kuingia hata katika viungo vya ndani.

Jina la mtu likawa jina la ugonjwa. Katika Ulaya, hata hivyo, ugonjwa wenyewe ulikuwa nadra. Waliougua walikuwa hasa wazee wa kiume wenye asili ya nchi za Bahari ya Kati na za Ulaya ya Mashariki, na wengi wao waliishi nao miaka mingi. Tabibu wa London au Paris aliweza kufanya kazi maisha yake yote akaona wagonjwa wachache tu wa namna hiyo. Na tabibu aliyeona mgonjwa mmoja tu hawezi kujua ni dalili ipi ya ugonjwa na ni ipi ya mtu mwenyewe. Jambo lililokuwa nadra huko lilikuwa la kawaida mahali pengine, nako ni katikati ya Afrika.

Mwaka 1897 Dakta Albert Cook, mmisionari wa Kiingereza, alifungua hospitali huko Mengo, karibu na Kampala. Baadaye nduguye alijiunga naye. Watu hawa walikuwa na tabia moja ambayo faida yake haikuonekana mpaka baada ya miaka mingi: waliandika habari za wagonjwa wao kwa uangalifu na kuyahifadhi maandishi hayo. Madaftari ya Mengo yalipokuja kusomwa upya, yaliwapa wachunguzi picha ya saratani katika Buganda tangu 1897 hadi 1956. Ripoti ya uchunguzi huo ilichapishwa mwaka 1964, na miongoni mwa walioiandika walikuwamo Waafrika, R. Owor na L. A. R. Mtimavalye. Owor alikuja kuwa Profesa wa patholojia katika Makerere.

Makerere ndipo mahali ambapo vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikwenda kusomea utabibu kabla nchi nyingine hazijawa na vyuo vyake vya kazi hiyo. Aliyefundisha patholojia hapo alikuwa Profesa J. N. P. Davies. Katika siku zake ilienea dhana miongoni mwa wageni kwamba saratani ni ugonjwa wa watu wa nchi za viwanda, na kwamba Mwafrika haupati kwa nadra sana. Davies hakuridhika na dhana. Mwaka 1951 ilianzishwa Kampala orodha ya wagonjwa wa saratani, ambamo kila aliyegunduliwa katika mji huo na sehemu za Kyadondo zilizouzunguka aliandikwa jina, umri, makao na aina ya saratani yake. Saratani zilikuwapo, tena za aina nyingi. Isipokuwa mpango wake ulikuwa tofauti na ule wa Ulaya. Na miongoni mwa zile zilizokuwa nyingi kuliko ilivyotazamiwa ilikuwamo saratani ya Kaposi.

Wanapatholojia wa Kampala waliona kwamba ugonjwa huu haukuwa wa wazee peke yao. Uliwapata wanaume walio katika umri wa kulima na kujenga, na idadi yao iliwazidi wanawake zaidi ya mara kumi. Mguu uliweza kuvimba ukawa mgumu kama gogo, ngozi ikajaa vinundu, na vinundu vikapasuka kuwa vidonda. Uliwapata watoto pia, lakini kwa namna nyingine kabisa: badala ya mabaka miguuni, matezi ya mtoto yalivimba, na aghalabu mtoto huyo hakuishi sana. Katika nchi ya Kongo matabibu wa Kibelgiji nao walikuwa wakiona mambo ya namna hiyo. Je, ugonjwa wa mzee wa Vienna aliyeishi nao miaka 15, na ugonjwa wa mtoto wa Uganda aliyekufa katika muda mfupi, ni ugonjwa mmoja?

Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa macho matupu, wala kioo hakikulijibu kwa urahisi. Chini ya hadubini saratani ya Kaposi huonyesha seli nyembamba zilizochongoka ncha mbili, zimelala pamoja kama nyuzi za kamba, na katikati yake mna nyufa zenye chembe nyekundu za damu. Lakini ngozi ya mtu wa nchi za joto hupatwa na mengi. Kuna uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara. Kuna makovu yanayokua kupita kiasi. Kuna ukoma, kuna kifua kikuu cha matezi, na kuna maradhi ya ukungu yanayoingia mguuni kwa kuchomwa na mwiba. Hayo yote yaweza kumpotosha mtazamaji, ama mgonjwani, ama kiooni. Tena ilikuwapo hoja iliyowagawa wataalamu wenyewe: seli hizo ndefu zatoka wapi? Wengine walisema ni za kuta za mishipa ya damu, wengine walitaja asili nyingine. Wako hata waliotilia shaka kama hii ni saratani ya kweli.

Basi mwaka 1961, zaidi ya mwaka mmoja kabla Uganda haijapata uhuru, wataalamu walikusanyika katika Chuo cha Makerere, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Saratani, wakajadili ugonjwa huu mmoja tu. Ni jambo la kuangaliwa kwamba hawakuitana London wala New York. Walikwenda Kampala kwa sababu Kampala ndiko kulikokuwa na wagonjwa, na vioo, na orodha. Mtu aliyeona wagonjwa wachache katika nchi yake aliketi pamoja na mtu aliyekuwa akiwaona mara kwa mara. Makala ya mkutano huo yalichapishwa mwaka 1962, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, kimehaririwa na Lauren Ackerman wa St. Louis, Marekani, na J. F. Murray wa Johannesburg.

Tukiyasoma mambo yaliyochapishwa, twaona jinsi kila mmoja alivyoleta kipande chake cha habari. Davies na mwenzake Lothe walieleza ugonjwa huo kwa watoto wa Kiafrika. Oettlé wa Johannesburg alilinganisha idadi za mahali na mahali, na za kabila na kabila, akiuliza kama sababu yake ni mazingira ya mtu au damu ya wazazi wake. Alipotazama ramani, aliona kwamba ugonjwa haukusambaa sawasawa katika Afrika: uliongezeka katika nchi za karibu na ikweta na kupungua kadiri mtu alivyokwenda mbali. Ramani ya namna hiyo huashiria kwamba kuna kitu mahali fulani kinachosababisha ugonjwa. Lakini ni kitu gani? Mkutano haukujua.

Twaweza kuuliza basi, mkutano ulifaidi nini ikiwa chanzo hakikupatikana? Faida yake ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, matabibu wa nchi mbalimbali walielewana juu ya kile wanachokiita saratani ya Kaposi, hata mtu wa Kampala akiandika neno hilo, mtu wa St. Louis alijua ameona nini. Pasipo mapatano ya namna hiyo, kulinganisha idadi za nchi mbili ni sawa na kulinganisha pishi za wafanyabiashara wawili wenye vipimo tofauti. Pili, ule mtawanyiko wa habari uliokuwa katika madaftari ya watu binafsi uligeuka kuwa elimu iliyochapishwa, ambayo mtu ye yote aliweza kuisoma baadaye, hata kwa haja ambayo waandishi wenyewe hawakuiwaza. Haja hiyo ilikuja baada ya miaka 20.

Kabla hatujafika huko, yafaa tueleze habari za chupa. Mwaka 1962 Profesa Michael Hutt alichukua mahali pa Davies. Aliona kwamba hospitali za mbali, za serikali na za misheni, zilikuwa na matabibu hodari wa kupasua, lakini hazikuwa na mtu wa kusoma vioo. Tabibu aliyekaa peke yake mashambani aliweza kuutoa uvimbe, lakini hakujua ameutoa uvimbe wa namna gani. Hutt aliweka mpango ambao kwa huo chupa ndogo zenye vipande vya wagonjwa zilitumwa kwa posta mpaka Kampala, na majibu yakarudishwa kwa njia ile ile. Kwa mpango huu mgonjwa wa wilaya ya mbali alipata nafasi ya kutazamwa na macho yale yale yaliyomtazama mgonjwa wa Mulago. Nao wa Kampala wakapata kuijua nchi nzima, kwa maana kila chupa ilikuja na habari za mtu na za mahali atokapo.

Faida haikuwa kwa ugonjwa wa Kaposi peke yake. Katika vipande hivyo ilionekana pia melanoma, saratani ya seli zinazotia ngozi rangi yake. Kwa watu weupe huhusiana sana na jua, nayo huota mahali popote palipochomwa na jua. Kwa Waganda na jirani zao ilionekana hasa katika wayo wa mguu, mahali ambapo jua halifiki. Mwaka 1967 M. G. Lewis aliandika juu ya jambo hilo, akilihusisha na madoa meusi yaonekanayo katika nyayo za watu wengi. Tabibu aliyejifunza kwa vitabu vya Ulaya tu angetafuta melanoma mgongoni na kuuacha wayo bila kuutazama. Hilo ni somo ambalo halikutoka katika kitabu, bali katika chupa zilizoletwa na posta.

Utambuzi ulipokuwa thabiti, matibabu nayo yaliweza kujaribiwa kwa haki, kwa sababu dawa haiwezi kupimwa kwa watu ambao ugonjwa wao haujulikani kwa hakika. Mwaka 1967 kilifunguliwa huko Mulago kituo cha kutibu saratani za matezi, ambacho kilipanuka baada ya muda kuhudumia saratani ya Kaposi na nyinginezo, kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Profesa Sebastian Kyalwazi, mpasuaji wa Kiganda, alikuwa miongoni mwa walioongoza matibabu ya wagonjwa wa Kaposi, na jina lake limo katika uchunguzi mkubwa wa mwaka 1971 uliogawanya ugonjwa huo katika aina zake kwa kulinganisha sura ya mgonjwa na sura ya kioo. Miaka ya utawala wa Idi Amin iliyofuata ilileta mashaka mengi. Wageni waliondoka, vifaa vikaadimika, na orodha ya Kampala ikadhoofika. Taasisi haikufungwa, Dakta Charles Olweny na Waganda wenziwe waliendelea nayo.

Sasa twaja katika mwaka 1981. Tarehe 3 Julai mwaka huo, taarifa ya serikali ya Marekani juu ya maradhi ilitangaza kwamba wanaume 26, wengi wao wakiwa bado katika umri wa nguvu, wamegunduliwa kuwa na saratani ya Kaposi katika New York na California. Huko ugonjwa huu ulikuwa wa wazee, nao ulikwenda polepole. Kwa watu hawa ulikwenda mbio, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa. Matabibu wa New York walipokuwa wakiulizana kama kweli ni ugonjwa ule ule, walikuwa na mahali pa kutazama: taarifa yenyewe ilikumbusha kwamba katika ukanda wa ikweta wa Afrika saratani hii huwapata watoto na vijana, na hufikia hata asilimia 9 ya saratani zote. Yaani, yale yaliyokuwa yameandikwa na kuchapishwa kutoka Kampala na majirani zake yalisaidia kuonyesha kwamba ugonjwa wa Kaposi waweza kubadili mwendo wake. Watu wale 26 walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandikwa katika habari za UKIMWI.

Katika Afrika jambo hilo lilionekana upesi na mtu aliyekuwa amezoea kuutazama ugonjwa wa zamani. Anne Bayley, mpasuaji katika hospitali kuu ya Lusaka, alikuwa amewatibu wagonjwa wa Kaposi kwa miaka. Mwaka 1983 alihesabu wagonjwa wapya 23. Kati yao 13 hawakufanana na wale aliowazoea. Ugonjwa wao ulikuwa mkali, uliingia katika matezi na mapafu, na haukusikia dawa. Akachapisha habari hizo mwaka 1984. Mtu asiyejua mwendo wa kale wa ugonjwa asingeona kwamba kumetokea mwendo mpya.

Orodha ya Kampala ilipofufuliwa, Dakta Henry Wabinga na wenzake walihesabu saratani za miaka ya 1989 hadi 1991, wakazilinganisha na zile zilizoandikwa katika miaka ya 1950. Saratani ya Kaposi ilikuwa imefikia karibu nusu ya saratani zote za wanaume, na kwa wanawake, ambao zamani hawakuupata ila kwa nadra, ilikuwa karibu moja katika kila sita. Tofauti hiyo isingeweza kupimwa lau Davies na watu wake wasingaliandika majina ya wagonjwa miaka 40 kabla yake.

Chanzo chenyewe kilipatikana mwaka 1994. Yuan Chang, ambaye ni mwanapatholojia, na mumewe Patrick Moore, walifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walichukua kipande cha saratani ya Kaposi na kipande cha mwili usio na ugonjwa cha mgonjwa yule yule, wakavilinganisha ili kuona katika kile cha kwanza kuna nini ambacho katika cha pili hakimo. Walikuta alama za virusi ambavyo havikujulikana kabla, vya jamii moja na vile vya tetekuwanga na vya malengelenge ya midomo. Muda si mrefu virusi hivyo vilionekana katika vipande vya wazee wa Ulaya, vya wagonjwa wa UKIMWI, na vya Waafrika wasio na UKIMWI. Swali lililowatatiza watu wa Kampala lilipata jibu: mzee wa Vienna na mtoto wa Uganda waliugua ugonjwa mmoja. Kilichotofautiana ni nguvu ya mwili kujilinda, na jinsi virusi vilivyoenea mahali na mahali.

Ugunduzi huo ulirudi kumsaidia mtazama vioo. Iko sasa rangi maalumu ishikayo alama ya virusi hivyo ndani ya seli na kuionyesha kama vitone vya kahawia. Kioo chenye shaka kikitiwa rangi hiyo, mara nyingi shaka huondoka. Lakini rangi hiyo ina gharama, na si kila maabara ya nchi zetu huwa nayo. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani walichunguza wagonjwa waliodhaniwa kuwa na saratani ya Kaposi katika zahanati zetu. Vipande vyao vilisomwa na wanapatholojia wa hapa, kisha vikasomwa na wataalamu wa ngozi wa Marekani. Ilionekana kwamba baadhi ya waliodhaniwa kuwa na ugonjwa hawakuwa nao, na kwamba wasomaji wa vioo hawakukubaliana kila mara.

Mtu asiharakishe kusema kwamba hiyo ni kasoro ya nchi maskini. Mwaka 2017 ilichapishwa ripoti ya uchunguzi mwingine uliofanywa Marekani penyewe. Wanapatholojia 187 wa majimbo 10 walisoma vioo vilivyochaguliwa katika jumla ya vioo 240 vya madoa ya ngozi, mengine yakiwa ya salama na mengine ya melanoma. Katika yale yaliyo dhahiri walipatana vyema. Katika yale ya katikati, ambayo si salama kabisa wala si saratani dhahiri, zaidi ya nusu ya majibu hayakupatana na hukumu ya jopo la wataalamu. Hata mtu yule yule alipopewa vioo vile vile baada ya miezi kadhaa, mara nyingine alibadili neno lake. Hawa walikuwa watu wenye mafunzo na vifaa vyote. Ugumu, basi, umo katika kazi yenyewe.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa wataalamu hutofautiana hivyo, kuna faida gani kuwaongeza wengine? Je, wengi hawawezi kukosea pamoja? Naam, wanaweza. Wingi wa macho peke yake si dawa. Watu kumi waliofundishwa kosa moja watalirudia mara kumi, na kijana akiogopa kumpinga mkubwa wake, mashauri hugeuka kuwa adabu tu. Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba mashauri yalifaa pale yalipofuata masharti. Kila mtu alileta kioo chenyewe, wala si maneno yake juu ya kioo. Habari za mgonjwa ziliandikwa na kuhifadhiwa, ili baadaye ijulikane nani alipona na nani alikufa, kwa maana mwisho wa mgonjwa ndio unaohukumu kati ya wabishi wawili. Tena walioshiriki walitoka mahali mbalimbali, na kila mmoja alikuwa ameona jambo ambalo mwenzake hakuliona.

Siku hizi chupa si lazima isafiri. Kioo kizima chaweza kupigwa picha na kutumwa kwa umeme kutoka mji hadi mji kwa muda wa dakika chache. Huko Lilongwe, nchini Malawi, katika miaka ya 2010, wanapatholojia walianza kukutana kila juma na wenzao wa Marekani, kila upande ukitazama picha zile zile na kujadili wagonjwa wenye matatizo. Chombo kimebadilika, lakini kazi ni ile iliyofanywa kwa posta ya Uganda: mtu aliye peke yake hupata mwenzake wa kumwuliza.

Miongoni mwenu mnaosoma makala haya watakuwamo watakaokuwa matabibu, na pengine wachache watakaokaa mbele ya hadubini. Wanapatholojia katika nchi zetu wangali wachache, nao waliopo husoma vioo vingi kwa siku. Atakayeifanya kazi hiyo atakutana na kioo kimoja asichokielewa, saa ya jioni, huku majibu yakingojwa wodini. Wakati huo itamjia tamaa ya kuandika neno lo lote apate kumaliza. Heri aandike kwamba hana hakika, akipeleke kioo kwa mwenzake. Kwa kuwa nyuma ya kioo kile yuko mtu mwenye mguu wa kukatwa au wa kuachwa, naye angojea jibu.